Futi 36 Ambazo Hazikutosha Ngazi

Nilipofikia hatua ya kuweka ngazi ya mbao katika nyumba yetu ya Morogoro, nilidhani kukadiria mbao ni hesabu ya darasa la saba: unapima, unajumlisha, unakwenda kununua. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu kulikuwa na sentimita 280. Niligawanya kwa kimo, yaani urefu wa kupanda kwa kila hatua, cha sentimita 17.5 nikapata vimo 16, na kwa kuwa hatua ya mwisho ni sakafu yenyewe ya juu, vikanyagio, yaani mbao za kukanyagia, vikawa 15. Kina cha kikanyagio nilikiweka sentimita 28, kwa kufuata kanuni ya zamani inayohusishwa na François Blondel, msanifu majengo wa Ufaransa wa karne ya 17, ambayo siku hizi hutaka vimo viwili na kina kimoja vikijumlishwa viwe kati ya sentimita 60 na 65 hivi. Yangu ilikuwa 63.

Mpaka hapo sikukosea. Mihimili miwili ya ubavuni, ile inayokatwa meno ili ibebe vikanyagio, ilihitaji karibu sentimita 505 kila mmoja, yaani futi 16 na nusu, na yote miwili futi 33. Nikanunua mbao tatu za mkongo, mbili kwa kumi na mbili (unene na upana kwa inchi), kila moja futi 12. Jumla futi 36. Nikajipongeza kwamba nitabakiwa na futi tatu. Fundi alizitazama zikishushwa kwenye guta, akaniuliza kwa upole, "Mzee, kwa hiyo hii mihimili tutaiunga katikati?"

Swali hilo lilinifundisha zaidi ya mahesabu yangu yote. Kwa vipimo vyangu kila jino huingia ndani ya ubao karibu sentimita 15, hivyo katika ubao wa inchi 12 uzima unaobaki ni nusu tu, na hapo si mahali pa kuweka kiungo kitakachobeba watu na magunia. Mbao za ngazi hazihesabiwi kwa jumla ya futi bali kwa vipande vinavyotoka katika kila ubao.

Mbao ndefu zaidi zingepatikana kwa kuagiza, kwa bei ambayo sikutaka hata kuijadili. Tukaigawa ngazi sehemu mbili na kuweka landingi, yaani jukwaa la kupumzikia, katikati, vimo vinane chini na vinane juu, na kila upande ukawa na vikanyagio saba. Sasa kila muhimili ulihitaji sentimita 241, na tukiongeza 30 za kukatia ncha zinakuwa 271. Ubao wa futi 12 una sentimita 366, kwa hiyo mihimili minne inataka mbao nne, na kila ubao unabakiza kipande cha sentimita 95.

Kipande hicho ndicho kilichonifurahisha. Upana wa ngazi nilikuwa nimeupanga sentimita 90, na kwa upana huo ubao mmoja ungetoa vipande vinne na kubakiza sentimita sita tu, ilhali ncha za mbao zetu karibu kila mara zina ufa. Kwa uhalisi ningepata vitatu. Nilipopunguza upana hadi 86, kila ubao ukatoa vinne bila wasiwasi, na mabaki manne ya mihimili yakawa vikanyagio vinne vizima. Vikanyagio 10 vilivyosalia tuliviunga kwa mbao mbili kwa sita, vipande viwili kila kimoja: vipande 20, mbao tano.

Mbao za kuziba mbele watu wengi huzinunua moja kwa nane kwa sababu kimo ni sentimita 17.5, wakisahau kuondoa unene wa kikanyagio chenyewe, ambacho baada ya kupigwa randa chetu kilikuwa na sentimita 4.5. Zinabaki 13, na moja kwa sita inatosha. Mbao nne zilimaliza vimo vyote 16. Landingi niliihesabu kando, maana fremu yake haina tofauti kubwa na ya kitanda.

Nikarudi kununua ubao mmoja tu wa inchi 12, pamoja na mbao sita za mbili kwa sita badala ya tano. Ule wa ziada fundi aliuona ni anasa, hadi aliporanda ubao wa tatu na kukuta jicho kubwa, ile alama ya tawi, katikati, mahali hasa ambapo mguu ungekanyaga.