Mafuta ya doria alipe nani?

Daftari la ulinzi la mtaa wetu, huku Buhongwa, Mwanza, ninalishika mimi. Kila kaya inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi, duka 5,000, baa na nyumba za wageni 10,000. Wapangaji wanasema alipe mwenye nyumba, wenye nyumba wanasema anayelindwa ni yule anayelala humo. Kuna mzee mmoja kila nikibisha hodi anaingia bafuni, na hatoki mpaka nimeondoka.

Hela hiyo naitetea popote. Ni posho ya vijana wa ulinzi shirikishi, betri za tochi, makoti ya mvua, filimbi. Vijana tunawajua, mama zao tunawajua. Wasipopita usiku, asubuhi mwenyekiti anaulizwa.

Ninachokigomea ni mchango ule mwingine, wa mafuta ya gari la polisi, usiokuwa na safu yake kwenye daftari. Wizi ukitokea, unapiga simu kituoni unaambiwa gari lipo ila halina mafuta. Jirani yangu aliibiwa pikipiki, akatoa 30,000 ya mafuta usiku uleule, na pikipiki ikapatikana kabla hakujakucha. Anawasifu polisi mpaka leo, na sina ubishi, kazi waliifanya. Ila nikimuuliza, na yule ambaye angekosa hiyo 30,000? Ananiambia mimi napenda siasa.

Jeshi la Polisi ni la Jamhuri. Liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na bajeti yake inapitishwa bungeni Dodoma. Mama anayeuza dagaa hapo stendi ameshalichangia: VAT asilimia 18 iko ndani ya bei ya vitu anavyonunua dukani, tozo iko kwenye kila lita ya bodaboda inayombebea mzigo, na kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU anaponunua umeme. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria. Najua nitajibiwa kwamba huu ni mchango wa hiari. Hiari gani, na jina lako linasomwa mkutanoni mbele ya mkweo?

Wazee hupenda kunikumbusha sungusungu. Ni kweli, ilianzia huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na bunduki zimezagaa baada ya vita vya Kagera. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kila mwanamume anatoka, asiyetoka anatozwa faini. Sisemi walikuwa malaika; walicharaza watu, wakafukuza vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Lakini viongozi waliwachagua wenyewe, na faini ilibaki palepale kijijini. Mimi nikijaza tenki la gari la polisi, nani ataniambia kesho lilielekea wapi?

Na mchango huu ukishazoeleka, anayejaza tenki ndiye atakayelipangia gari njia. Kule Capri Point, kwa wenye nacho, watajaza mara mbili kwa wiki bila kuhisi. Sisi huku, penye vibaka wengi zaidi, tutachanga nusu tenki kwa kubembelezana.

Kujenga kituo ni habari nyingine. Tofali na saruji nitachangia tena bila kuitwa, mara moja, mradi majina na matumizi yabandikwe ofisi ya mtaa. Jengo unaliona. Mafuta yakishaungua yameungua.

Kama Serikali imeona hela ya Dodoma haitoshi na halmashauri lazima iongezee, basi madiwani walipitishe fungu hilo kwenye bajeti waziwazi, litoke kwenye ushuru na leseni ambazo tayari tunalipa kwa kumbukumbu namba na risiti. Hapo hata nikiambiwa niongeze elfu moja kwa mwezi nitaongeza, kwa sababu nitakuwa na diwani wa kumbana.

Mkutano wa mtaa ni Jumapili saa kumi jioni. Mwenyekiti ameshaniomba suala hili nisilifanye ajenda, nilisemee kwenye mengineyo, watu wakiwa wameanza kuinuka. Nimemwambia nitaanza nalo wakati wa kusoma mapato na matumizi, maana hiyo ni zamu yangu na kipaza sauti kitakuwa mkononi mwangu.