Soketi mamia, uzi mmoja

Leo nimeziondoa nyuzi, yaani njia za programu moja kufanya kazi kadhaa kwa pamoja, kwenye seva yangu ndogo ya kupitisha ujumbe. Ilikuwa imejengwa kwa mtindo uliozoeleka: mteja akiunganika anapewa uzi wake, na uzi unakaa kwenye recv, amri ya kupokea data, ukingoja. Mtindo huo unasomeka vizuri. Kilichonichosha ni kufuli, zile za kuzuia nyuzi mbili zisiguse kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana orodha ya wateja inaguswa na kila uzi, basi kila kona ni funga, fungua, funga, fungua.

Sasa uzi ni mmoja. Unaikabidhi kerneli, kiini cha mfumo endeshi, orodha ya soketi (ncha za miunganisho ya wateja), unalala, unaamshwa pale yoyote inapokuwa na jambo. Wazo lenyewe ni la zamani: select, amri ya kungoja soketi nyingi kwa pamoja, ilikuja na 4.2BSD, toleo la Unix, mwaka 1983. Bado iko kila mahali, ila kwenye Linux seti yake kwa kawaida inaishia soketi namba 1023, na ukipita hapo unachezea kumbukumbu isiyo yako. poll, amri nyingine ya kazi hiyohiyo, haina ukomo huo, lakini kila ukiiita kerneli inapitia orodha nzima hata kama aliyesema neno ni mmoja tu. Mtaalamu wa programu Dan Kegel alipouliza mwaka 1999 kwa nini seva moja isihudumie wateja elfu kumi kwa pamoja, hilo lilikuwa swali zito. FreeBSD wakaleta kqueue, Linux epoll, ambazo hurudisha zile soketi zenye jambo tu. Mimi nimebaki na poll. Kwa soketi mia chache, kupitia orodha hakumnyimi mtu usingizi.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hapa unashika mamia na hakuna linaloponyoka, ila kwa sharti moja: usikae kwa yeyote. Mteja akituma nusu ya ujumbe, uzi wa zamani ungesimama palepale katikati ya msimbo, na mahali ulipofikia pangekumbukwa bila wewe kujishughulisha. Sasa kukumbuka ni juu yako. TCP, itifaki inayobeba data kati ya mteja na seva, ni mkondo wa baiti, haijui ujumbe unaanzia wapi. Jioni hii nimekaa nikitazama recv ikirudisha baiti 3. Tatu! Kichwa cha ujumbe, kile kinachotaja urefu, kina baiti 4. Nikaziweka kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya mteja huyo, kitanzi, yaani ule mzunguko wa kuita poll, kikaenda kwa wengine, na mzunguko wa baadaye ile ya nne ikaja na mwili wote, pamoja na kipande cha ujumbe unaofuata.

Kutuma ndiko kugumu zaidi, ingawa watu hupenda kuzungumzia kupokea. send inaweza kumeza sehemu tu ya ulichoipa. Kilichobaki unakihifadhi, unawasha POLLOUT, alama ya kuiomba poll ikuamshe soketi ikiwa tayari kuandikiwa, na kikiisha unaizima. Ukiiacha imewaka, poll hailali tena, kwa kuwa soketi isiyojaa iko tayari kuandikiwa karibu muda wote. Prosesa inazunguka bure hadi feni inalia. Halafu kuna mteja anayesoma polepole, huku foleni yake ikivimba kwenye kumbukumbu yangu. Nimeweka kikomo cha kilobaiti 256, akizidi namkata. Ni ukatili kidogo, lakini sioni kwa nini wengine waponzwe na mmoja.

Na soketi zote nimeziweka katika hali ya kutosubiri, hata baada ya kerneli kusema data ipo. Linux inaweza kuitangaza soketi kuwa tayari, kisha ikaitupa pakiti kwa sababu hesabu ya uhakiki haikulingana. Ukiita recv hapo bila hali hiyo, seva nzima imeganda.

Kimebaki kisiki kimoja: getaddrinfo. Inatafuta anwani ya jina na inangoja mpaka ijibiwe. Hakuna soketi ya kuikabidhi poll, na wateja wote wanangoja nayo. Kesho nitaipeleka kwenye uzi wa pembeni, ambao ukipata jibu utaandika baiti moja kwenye paipu, mfereji wa data unaotazamwa na poll, ili kuamsha kitanzi.