Siku mama alipoulizwa anataka kuona nini

Mama yangu ni fundi cherehani, Ngamiani pale Tanga watu wa rika lake wote wanamjua, sare za shule za mtaa mzima zilikuwa zinapita kwenye mikono yake. Mwaka 2017 ndo tuliambiwa rasmi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, ila dalili zilikuwepo kitambo tu. Alianza kuita watoto wa jirani wamtungie uzi kwenye sindano, sawa, tukasema umri huo. Halafu ikaja kesi ya sketi. Alishona oda nzima ya sketi za shule, zile za bluu iliyokoza, kwa uzi mweusi, mzazi mmoja alipozirudisha mama akamjia juu, wee mama umeamka vibaya leo, huo uzi si wa bluu huo? Mimi nikaushika ule uzi nikautazama. Mweusi tii. Nikaurudisha mezani kimya kimya nikaenda zangu dukani.

Baadae daktari alituelezea kwamba lenzi ya jicho ikizeeka haiweki ukungu tu, inabadilika na rangi, inakuwa ya njano, wengine mpaka kahawia kabisa, sasa hiyo njano inazuia mwanga wa bluu usipite vizuri, ndo maana bluu ya kukoza na nyeusi kwake vilikuwa kitu kimoja. Kwa mtu mwingine si tatizo kubwa, kwa fundi wa sare ni hasara tupu.

Basi kaka yetu mkubwa anaishi Moshi, akasema mleteni KCMC, ile hospitali kubwa ya huko. Tukapanda basi mimi na mama, Segera, Korogwe, Mombo, na njia nzima mama ananiuliza hiyo milima ya Usambara tumeshaipita? Na mimi naiona hiyo hapo, imejaa dirisha zima upande wake wa kulia.

Hospitali akapimwa presha, sukari, presha ya macho, kisha ndo vikaja vipimo ambavyo mimi sikuwahi kuvisikia. Walimtia matone ya ganzi wakamgusisha jicho na kitu kama kalamu, ni ultrasaundi ile, inapima urefu wa jicho kutoka mbele mpaka nyuma, na mashine nyingine ikapima mviringo wa kile kioo cha mbele. Hesabu za hapo ndo zinatoa namba ya lenzi atakayowekewa. Sikujua kabisa kama lenzi zina namba, nilidhani wanatoa iliyochafuka wanaweka mpya, mnapewa ruhusa mnaondoka.

Tukaingia kwa daktari, kijana tu, akamwamkia mama vizuri halafu akamuuliza, "Mama unafanya kazi gani?"

"Nashona."

Akaweka kalamu chini. Akasema sikiliza mama, lenzi uliyozaliwa nayo ulipokuwa binti ilikuwa inajirekebisha yenyewe, ukitazama mbali sawa, ukitazama sindano sawa. Hii tunayoweka sisi ni ya plastiki na haijirekebishi, inaona vizuri umbali mmoja tu. Nikikuwekea ya mbali utaona mpaka mlimani kule, ila kushona na kusoma utavaa miwani. Nikikuwekea ya karibu utatunga uzi mwenyewe bila miwani, ila mtu akiwa ng'ambo ya barabara utaona kuna mtu, sura huioni. Wengi wanachukua ya mbali. Wewe unapenda ipi?

Kaka akadakia, "Ya mbali dokta."

"Nimemuuliza mama."

Lile jibu lilinifurahisha mpaka leo, manake kaka yetu ana tabia ya kuwajibia watu. Mama akaomba alale nalo, daktari akasema hamna shida.

Usiku huo nyumbani kwa kaka haukuwa wa kulala. Kaka anasema mama ataka kuvuka barabara ya Ngamiani na bodaboda zile bila kuona mbali, mnataka agongwe? Dada yetu yuko Muscat, yeye anatuma voisi noti mfululizo kwenye WhatsApp, kuna lenzi inaona mbali na karibu kwa pamoja, huku wanaweka, mwambieni daktari mimi nitachangia, msimwekee mama lenzi ya bei rahisi. Shemeji yangu naye ana la kwake. Mama amekaa kwenye kochi anamenya chungwa kwa kupapasa, hakuna aliyemuuliza chochote, tunamjadili kama hayupo. Alipomaliza chungwa lake akasema, "Nyie nyote mwataka nisigongwe na pikipiki. Mie nataka kushona. Pikipiki nitazisikia."

Kesho yake tuliuliza kuhusu lenzi ya dada. Daktari akasema ipo kweli, inagawanya mwanga, sehemu unaenda kwa mbali sehemu kwa karibu, ila ukali wa picha unapungua kidogo na usiku baadhi ya watu wanaona duara duara kuzunguka taa, na kwa mtu anayetazama mshono wa uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi siku nzima yeye asingemshauri. Halafu akataja bei. Kaka akakohoa.

Mama akauliza swali ambalo mimi nadhani lilikuwa linamsumbua kuliko yote, hiyo plastiki haitaoza humo ndani? Alikuwa anamkumbuka babu mmoja wa kwetu Pangani aliyefanyiwa zamani, wakamtoa lenzi bila kumwekea nyingine, akaishi na miwani nene kama kitako cha chupa mpaka amefariki, na miwani ikipotea mzee anakaa hapo hapo alipo mpaka ipatikane. Daktari akacheka, akatusimulia kwamba wakati wa vita kuu ya pili kuna marubani wa Uingereza walipasukiwa na vioo vya ndege zao, vile vioo vilikuwa vya plastiki, vipande vikawaingia machoni. Daktari mmoja wa London, Harold Ridley, akagundua vipande vile vinakaa tu humo, jicho wala haliwaki. Ndo akapata wazo la kutengeneza lenzi ya plastiki ya aina hiyo, ya kwanza akamwekea mgonjwa Novemba 1949. Wenzake wengi walimpinga miaka na miaka.

"Kwa hiyo mie natiwa dirisha la ndege," mama akasema.

Kitu kingine alichotuambia, yule mgonjwa wa kwanza lenzi ilikaa ila namba haikuwa sawa, akatoka na mainasi kubwa sana, yaani anaona karibu tu, mbali haoni, hesabu za kupima jicho zilikuwa bado. Hapo nikaelewa kwanini walihangaika vile na ile kalamu.

Kisha akamwambia mama, nionyeshe unavyoshona. Basi mama akakaa kwenye kile kiti cha wagonjwa, akainama kidogo, mikono ikasukuma kitambaa kisichokuwepo, mguu unakanyaga pedeli hewani, na daktari akachukua rula akapima kutoka jichoni mpaka kwenye vidole. Karibu nusu mita. Akaandika, akasema tutakuachia mainasi mbili, hapo ndo utaona vizuri kabisa. Sijawahi kuona mama yangu akipimwa yeye, siku zote yeye ndo mwenye futikamba shingoni.

Upasuaji wenyewe mimi nilikaa nje, wala haukuchukua muda. Mama anasema sindano ya ganzi pembeni ya jicho ndo iliuma, baada ya hapo alifunikwa uso akaona mwanga tu na kusikia wanaongea, na nesi mmoja amemshika mkono muda wote. Wanachana kidogo pembeni, ile lenzi iliyochafuka inatolewa, mfuko wake mwembamba unaachwa na lenzi mpya inaingizwa humo humo. Hawakumshona hata uzi mmoja, kidonda kinajifunga chenyewe. Hilo mama hakulipenda, "Fundi gani anachana kisha hashoni?"

Asubuhi yake wakatoa bandeji. Mimi nimesimama mbele yake nasubiri ataje jina langu, si ndo inavyokuwa. Akanisogelea mpaka pua zikakaribia kugusana, akashika kola ya shati langu. "Nani kakushonea hii? Mbona kaipinda?"

Tukaambiwa matone ya dawa wiki kadhaa, asijisugue, asiinue ndoo, akae mbali na moshi wa kuni, maji ya udhu yasiingie jichoni na kwa muda aswali kwenye kiti asiiname kusujudu. Vyote alivifuata isipokuwa la jikoni, hilo tulipigana nae.

Tanga mambo yalikuwa mazuri na ya kuudhi kwa pamoja. Aliwarudisha makwao watoto wa kutunga uzi. Akatoa nyuzi zote kwenye kopo akazipanga upya, weusi huku, bluu huku, huku analaani kimoyomoyo (zile sketi hakuzitaja, na mimi sikuzitaja). Ila barabarani watu wakaanza kulalamika, mama fulani siku hizi anaringa, nampungia mkono hanitazami. Alipewa miwani ya mbali, anaivaa kwenye harusi tu.

Ilipofika zamu ya jicho la pili mjadala ukaanza upya, kaka anapiga simu, dada anatuma voisi. Daktari akasema kuna njia ya kuliweka hili la mbali, moja lishone, moja liende barabarani, ubongo unazoea ingawa wapo wanaosumbuka nalo mwanzoni. Mimi nikajua mama atakataa, si alisema pikipiki atazisikia. Akakubali hapo hapo.

Nikamuuliza imekuwaje mama.

"Wadeni wangu," akasema. "Wakiniona barazani wanakata kona pale kwa muuza mkaa, wanajua simuoni mtu."

Na kweli, haikupita muda tukamsikia anaita mtu kwa jina lake na la baba yake kutoka barazani, jamaa na baiskeli yake ameganda katikati ya barabara, suti ya mwanae ya sikukuu ya mwaka jana hajailipia. Dada alipopata habari akatuma voisi ndefu, si niliwaambia mimi, mbali na karibu kwa pamoja, mkanibishia! Mama akaisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimjibu kwamba alishinda, na ule mchango wa lenzi aliouahidi autume, mota ya cherehani ya ovaloki imeungua.