Jina la mtuhumiwa na meza ya Kamanda

Msomaji yeyote wa magazeti ya Kiswahili ameizoea sentensi hii: Jeshi la Polisi linamshikilia fulani (34), mkazi wa mtaa fulani, kwa tuhuma za wizi, ubakaji au mauaji. Umri huwekwa kwenye mabano, makazi hutajwa hadi mtaa, na mara nyingi kazi ya mtu nayo huongezwa, kiasi kwamba jirani akilisoma gazeti hana haja ya kuuliza anayezungumzwa ni nani. Habari hufungwa kwa maelezo kwamba upelelezi unaendelea na kwamba mtuhumiwa atafikishwa mahakamani utakapokamilika. Jina limekwisha kutolewa, basi, wakati polisi wenyewe wanakiri kwamba kazi ya kuthibitisha haijaisha. Naamini utaratibu huu ni mbovu, ingawa dawa yake si kuyaficha majina yote.

Tutazame kwanza habari hizo zinakozaliwa. Kamanda wa Polisi wa Mkoa huwaita waandishi ofisini kwake. Mezani pamejaa vinasa sauti na simu; uani wameketishwa watuhumiwa, chini, na mbele yao vimepangwa vielelezo: mapanga, televisheni, misokoto ya bangi, pikipiki zilizong'olewa namba. Kamanda anasoma taarifa yake, wapiga picha wanazunguka kutafuta pembe nzuri, na waliokaa chini hawaulizwi lolote. Wakili hayupo, ndugu hawapo. Mwandishi anarudi chumba cha habari na maelezo ya upande mmoja, ambayo katika habari ya mgogoro wa shamba au wa ndoa yangerudishwa na mhariri palepale, lakini hapa yanapita kwa sababu aliyesema ni Kamanda.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 13(6)(b), inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatoa kinga ya namna hiyohiyo katika Ibara ya 50. Ikiwa mtu aliyekwisha kusomewa mashtaka analindwa hivyo, sioni ni kwa hoja gani yule ambaye hata hati yake ya mashtaka haijaandikwa astahili ulinzi pungufu.

Mfano mkubwa zaidi tuliowahi kuushuhudia Tanzania ni wa Februari 2017, pale aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipotaja hadharani majina ya watu aliotaka wafike Kituo Kikuu cha Polisi kuhojiwa kuhusu dawa za kulevya. Awamu ya kwanza iliwagusa wasanii. Iliyofuata ilikuwa na majina 65, yakiwamo ya wanasiasa, wafanyabiashara na viongozi wa dini. Majina hayo sitayarudia hapa, na msomaji ataelewa kwa nini. Vyombo vya habari viliyachapa na kuyatangaza, vingine pamoja na picha, huku hakuna hakimu aliyekuwa amesikia neno. Baadhi ya waliotajwa hawakufikishwa mahakamani kamwe kwa tuhuma hizo. Naelewa ugumu wa wahariri siku ile: kiongozi wa serikali alikuwa amesema mbele ya kamera, na kunyamaza kungeonekana kituko. Hata hivyo, tendo la kiongozi lingeweza kuwa ndiyo habari yenyewe, yaani mamlaka anayotumia, ushahidi aliokuwa nao na sababu ya kulipita Jeshi la Polisi, bila kila jina kusindikizwa na picha.

Lipo jambo jingine ambalo limenishangaza siku zote. Kesi ikishafunguliwa, vyombo vyetu huwa na tahadhari kubwa. Utasikia kwamba suala liko mahakamani na hivyo haliwezi kujadiliwa. Tahadhari hiyo inaanza siku ile mtuhumiwa anapopata hakimu, wakili na nafasi ya kujibu. Alipokuwa mahabusu bila hata kimoja kati ya hivyo, kila kitu kiliruhusiwa.

Nchini Uingereza mahakama zimejaribu kuuchora mstari. Mwaka 2014 BBC ilirusha kutoka kwenye helikopta picha za polisi wakipekua nyumba ya mwimbaji Cliff Richard, ambaye hakukamatwa wala kushtakiwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia ya pauni 210,000. Februari 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la shirika la habari la Bloomberg dhidi ya mfanyabiashara aliyetambuliwa kwa herufi ZXC tu, ilisema kwamba kwa kawaida mtu anayechunguzwa kwa jinai ana haki ya kutarajia faragha hadi atakaposhtakiwa. Waandishi wengi wa huko walilalamika kwamba kinga hiyo itawafaa zaidi matajiri wenye mawakili, na malalamiko yao si ya kupuuzwa.

Kwetu, hata hivyo, kushtakiwa si mstari imara kama inavyodhaniwa. Mtu anayetuhumiwa kwa mauaji husomewa shtaka mbele ya hakimu na kuambiwa kwamba hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Dhamana hana. Upande wa mashtaka unaeleza kwamba upelelezi haujakamilika, shauri linaahirishwa, kisha linaahirishwa tena. Kwa hiyo anayesema tusubiri mashtaka ndipo tutaje, nakubaliana naye kwa sehemu tu. Mwandishi bado ana wajibu wa kumweleza msomaji kwamba ushahidi haujaletwa.

Kuna hoja nzito zaidi dhidi ya kuyaficha majina, nayo haitoki kwa wauza magazeti. Julai 29, 2019 mwandishi wa habari Erick Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam. Jina lake likasambaa, maswali yakaulizwa, na polisi wakathibitisha kwamba wanamshikilia. Mashtaka yalisomwa Agosti 5. Hebu fikiria kama kungekuwa na kanuni ya kutomtaja mtu kabla ya siku hiyo. Katika nchi ambako watu huchukuliwa na magari yasiyojulikana na ndugu wakazunguka vituoni wakiulizia, jina gazetini linaweza kuwa ndiyo ulinzi pekee alionao mtu.

Ndiyo maana swali ninalopendekeza wahariri wajiulize ni hili: jina hili linatajwa kwa faida ya nani? Likitoka kwa familia au wakili anayemtafuta mtu wake, litajwe kwa sauti kubwa. Likitoka mezani kwa Kamanda, gazeti liseme kwamba mwanamume wa miaka 34 anashikiliwa, lieleze tukio na kituo alipo, na lisubiri. Kiongozi wa umma anayechunguzwa kuhusu fedha za umma ni suala tofauti, ilimradi gazeti liwe limefanya uchunguzi wake lenyewe na limempa nafasi ya kujibu.

Kwa majina yaliyokwisha kuchapwa, deni bado lipo. Kukamatwa kulikaa ukurasa wa kwanza. Siku Mkurugenzi wa Mashtaka alipoieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi, hapakuwa na mwandishi. Aliyeachiwa anapoomba kazi, mwajiri anaandika jina lake mtandaoni na kuikuta habari ileile, na ile sentensi yake ya mwisho bado ikisema kwamba upelelezi unaendelea. Kuirekebisha kungehitaji chumba cha habari kiwe na daftari la majina kiliyoyatoa, na mwandishi wa mahakama anayelipwa nauli ya kurudi kortini kesi zinapofikia mwisho.