Paka wako hana jeuri: siku moja kazini kwangu Tanga

Saa 12 asubuhi. Sisi watu wa Tanga na baiskeli mnatujua. Natoka Makorora jua halijawa kali, koti la kazi kwenye kikapu. Mimi si daktari. Nilisoma stashahada ya afya ya mifugo pale Buhuri, na sasa ni msaidizi katika kliniki ndogo mjini. Daktari anashika kisu, mimi nashika yaliyobaki, meno ya wagonjwa yakiwemo. Wenye wanyama hawajali tofauti hiyo. Wote wananiita daktari.

Saa 12:40. Kuna mgonjwa aliyelala kwetu, mtoto wa mbwa mwenye parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia matumbo ya mbwa. Aliletwa akitapika na kuharisha damu, na mwenyewe akasema siku iliyotangulia alikuwa mzima kabisa, alitaka hata kucheza. Nikamuuliza alichezaje. Akaonyesha: kifua chini, makalio juu. Mbwa anayekualika mchezo hukaa hivyo kidogo tu, kisha anaruka. Huyu alibaki hivyo hivyo, kwa sababu tumbo lilikuwa linamuuma. Leo amelala amejikunja vizuri, na nilipobadilisha dripu alinusa mkono wangu. Nimefurahi, ingawa bado hajavuka.

Sakafu naipiga Jik iliyochanganywa na maji, maana sabuni peke yake haiwezi kirusi hiki. Kwenye udongo wa uani kinaweza kukaa miezi mingi. Ndiyo maana ukifiwa na mtoto wa mbwa kwa parvo, usikimbilie kuleta mwingine hapo hapo. Chanjo zake zianze akiwa na wiki sita hadi nane, zirudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Chanjo moja haitoshi, hata kama aliyekuuzia alikuapia.

Saa 3. Bibi mmoja wa Ngamiani ameingia na kapu la ukili lililofunikwa kanga. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Nimekuletea huyu mshenzi." Ndani ya kapu, paka dume mnene wa rangi ya chungwa. Mashtaka: amekuwa jeuri. Anakojoa kila kona, juu ya mkeka, hata kwenye beseni la nguo. Anachuchumaa, analia, anaondoka, anarudi. Jirani kasema anatafuta jike.

Nikamuuliza bibi hicho kinachotoka kwenye hizo kona ni kingi? Akafikiri. "Matone tu. Jana usiku hata hayo sikuyaona."

Hapo kiti hakikaliki tena. Nilipogusa tumbo, kibofu kilikuwa kigumu kama limau bichi, na paka aliyekuwa akikoroma akaanza kunguruma. (Kukoroma nako kusikudanganye; paka hukoroma hata akiwa na maumivu makali.) Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno. Chembechembe na ute vikiziba, sumu inarudi kwenye damu, potasiamu inapanda, moyo unasimama. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, huku nyumbani wanamfukuza kwa ufagio kwa sababu ya mkeka.

Daktari alimlaza kwa dawa ya usingizi, akapitisha mpira mwembamba, tukasafisha. Mkojo uliotoka ulikuwa mwekundu. Wakati unatiririka nilitoka kuzungumza na bibi. Nani kahamia nyumbani? Wajukuu watatu, kutoka Muheza, na mmoja anapenda kumvuta mkia. Anakula wapi? Jikoni, pale wanapolala watoto sasa. Wengi hawaamini hili: paka akibanwa na hofu, kibofu chake huumia kweli. Pamoja na hayo, huyu alishahasiwa, ni mnene, anashinda ndani na maji hanywi.

Basi tukapanga: dagaa wachemshwe, apewe na mchuzi wake usiotiwa chumvi wala kitunguu, bakuli la maji likae mbali na chakula, apate mahali pa juu ambapo mtoto hafiki. Bibi alisikiliza yote, kisha akasema Mtume kasema paka ni katika wanaotuzunguka majumbani, kwa hiyo hao wajukuu atawapa somo leo leo. Paka kabaki kwetu na mpira wake.

Saa 5. Sungura. Mtoto analia kwa sababu sungura wake anakula mavi yake. Ni kawaida, yale laini hutoka mara ya kwanza yakiwa bado na lishe, lazima ayale tena. Mtoto kanyamaza. Mama yake ndiye aliyetaka kutapika.

Saa 6:20 mchana. Simu. Paka ana homa, wamempa nusu kidonge cha Panadol, "kidogo tu, kama mtoto." Hapa huwa napaza sauti na siombi radhi. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha kuiondoa parasetamoli. Nusu kidonge cha miligramu 500 kwa paka wa kilo nne kinaweza kumuua. Nikawaambia wafunue mdomo: fizi zikiwa za kahawia au samawati, damu imeshaanza kushindwa kubeba hewa. Walisema bado za waridi. Bodaboda ikamleta haraka, na ipo dawa inayosaidia akiwahishwa, hiyo hiyo wanayopewa watu kulainisha makohozi. Usimpe mnyama kidonge cha binadamu bila kuuliza. Na ile dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini usimpake paka. Atatetemeka mpaka adondoke.

Saa 9. Raskazone, nyumba yenye geti kubwa. Mbwa wa ulinzi kamng'ata mtunza bustani mkononi. Kidonda kilishaoshwa na hospitali alishakwenda. Chanjo ya kichaa ya mbwa iko kwenye kadi, haijapita mwaka. Mwenye nyumba anataka tumuue.

Nilikaa mbali kwanza, nikamtazama tu. Alikuwa anatikisa mkia, na mwenye nyumba akasema, "Si unaona, mnafiki huyu." Mkia ulikuwa umekakamaa juu, unatikisika kwa ncha. Mdomo umefungwa, anajilamba pua, anapiga miayo, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Huyo ameshakwambia usogee mbali, kwa adabu zake zote. Kichwa kakiinamisha upande wa kushoto. Tulipomvika kifunga mdomo na kufunua sikio la kushoto, usaha, harufu, na kupe waliojazana. Mtunza bustani alimshika kichwa amfunge mnyororo.

Na kwa nini hakunguruma kwanza? Kwa sababu kila akinguruma alichapwa. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma haachi hasira, anaacha kukuonya. Hilo nililirudia mara mbili, mara ya pili kwa mtunza bustani mwenyewe, ambaye fimbo hakuibuni yeye, aliagizwa. Mbwa yu hai. Kupe waliobaki wako kwenye nyufa za banda, huko nako lazima kupigwe dawa.

Saa 1:30 usiku. Niko nyumbani, simu tena: mtoto wa Pongwe kang'atwa mguu na mbwa koko, wameshapaka mafuta ya taa. Osheni, nikasema, maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kwa saa, kisha hospitali usiku huu huu kwa chanjo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni nadra mno apone. Mbwa wasimuue, wamzuie bila kumgusa, aangaliwe siku kumi, ila mtoto asisubiri hizo siku. Wakauliza kama huyo mbwa wampe maji. Ndiyo, wasukume bakuli kwa fimbo, na wamtazame anavyomeza. Asubuhi afisa mifugo wa kata apewe taarifa, na mimi nitapitia kwao kabla ya kliniki.