Presha yangu ilikuwa maji

Nilipoambiwa figo zimechoka na lazima nianze kusafisha damu, wala sikuuliza habari za mashine. Niliuliza presha. Miaka mingi ilikuwa ikicheza kwenye 180/110, na baba yangu kiharusi ndicho kilichomwondoa. Nikajua mashine itanimalizia.

Kumbe nitateswa na kinyume chake. Jumatatu moja, wiki ya tatu, nilimeza dawa zangu zote za presha asubuhi, nikaenda kuunganishwa. Saa ya tatu nikaanza kupiga miayo, jasho likanitoka, kigimbi kikakaza mpaka nikapiga kelele. Presha 80/50. Sista akapunguza kasi, akaninyanyua miguu, akanirudishia maji kidogo. Kisha: "Baba, jana ulikula nini?"

Jana ilikuwa Jumapili. Pilau, achari ya embe, na maji ya baridi jagi zima. Nilikuja na kilo nne juu ya uzito wangu mkavu, yaani uzito unaobaki nao maji ya ziada yakishatolewa. Figo zikigoma, maji hayana pa kutokea. Kila lita inakaa mwilini kama kilo moja, mishipa inajaa, presha inapanda. Halafu mashine iyakamue yote kwa saa nne, na juu yake dawa za kushusha. Lazima uanguke.

Daktari akanipangia dawa upya, baadhi zikahamia usiku. Msihamishe wenyewe, kila dawa ina mambo yake.

Mimi nikanunua mizani. Napima kila asubuhi nikitoka chooni, kabla ya chai, naandika kwenye daftari pamoja na presha, ya mkono usio na fistula, yaani ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate pa kuvutia damu. Maji nilipewa hesabu: mkojo wa siku nzima, ongeza nusu lita. Basi asubuhi najaza chupa kwa kiasi hicho. Nikinywa chai, namwaga kiasi kilekile kutoka kwenye chupa. Uji, supu na tikitimaji navyo ni maji. Hapo nilijidanganya sana.

Ila kiu huwezi kuishinda kwa ubishi wakati chumvi iko palepale. Mke wangu alikuwa akichemsha maharage kwa magadi, nayo magadi yamejaa sodiamu, kama chumvi. Ng'onda, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ndiyo usiseme. Siku hizi ni ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Ile chumvi inayouzwa eti ya wenye presha tuliirudisha dukani: imejaa potasiamu, na potasiamu ikizidi kwa mtu wa figo inaweza kusimamisha moyo.

Sasa Jumatatu nafika na kilo mbili, mbili na nusu. Dawa za presha zilikuwa nne, zimebaki mbili. Pilau ya Jumapili bado inapikwa. Yangu iko kwenye kisufuria cha pembeni, na wajukuu walishaionja mara moja, hawakurudia.