Shaba ni shaba, wakaniambia: nilivyosubu rumada za mashua yangu

Kila niliyemuuliza bandarini Mkokotoni alinijibu vilevile: "Shaba ni shaba yakhe, tia tu." Maneno hayo yalinilaza na homa siku mbili, kisha yakaniacha mbele ya Tumbatu na usukani unaelea pembeni kama kifuu. Rumada nilizonazo sasa, nilizozisubu (nilizoyeyusha na kuzimimina) mwenyewe, zimekula kusi tatu na hazijalegea hata kidogo, basi na mie leo nina haki ya kusema.

Kwa asiyejua, rumada ni bawaba za usukani. Pini mbili zinafungwa kwenye usukani, nazo zinaingia kwenye pete mbili zilizofungwa kwenye fashini ya tezi, ule mti uliosimama nyuma ya chombo. Mashua niliirithi kwa baba, mbao zake mvule, mataruma, yaani mbavu zake, mwembe. Rumada zilikuwa za chuma cha mhunzi, na ile ya chini ilikuwa imeliwa mpaka imebaki kama penseli.

Mmoja aliniambia nitie stenlesi. Mie ni fundi umeme, nafunga waya kwenye boti za watalii, na bolti za stenlesi nimezing'oa kwenye mbao mara nyingi. Moja ilikuwa na kichwa kinachong'aa kama kioo, shingo imejaa mashimo. Stenlesi inataka hewa. Ukiizika ndani ya mti uliolowa inatoboka kimyakimya na juu huoni kitu. Stenlesi nikaikataa. Laiti akili hiyo ningeitumia kwenye shaba.

Nikakusanya koki za bomba. Kwa wauza vyuma chakavu nilipata kama kilo sita, sikumbuki nilitoa ngapi, haikufika 100,000. Tanuri nililitengeneza kwa nusu ya mtungi wa gesi, ndani nimeukandika udongo wa kichuguu. Makaa ni ya vifuu vya nazi, maana yana moto kuliko ya mti, na upepo ulitoka kwenye drai ya nywele ya mke wangu. Habari ya drai hiyo bado tunaizungumza nyumbani.

Koki zilipoanza kulainika, moshi mweupe ukatoka. Mzito, mweupe pepe, na ndani yake vinaruka vipande vyepesi kama sufi ya mto uliopasuka. Vikatua juu ya ndizi za jirani, juu ya kanzu zilizoanikwa, juu ya ndevu zangu. Watoto wakashangilia. Mie nikaona nimekuwa fundi mkubwa, nikazidi kuinama niangalie ndani. Usiku ule nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Mdomoni ladha tamutamu ya chuma, mifupa inauma, blanketi mbili na bado nasikia baridi. Asubuhi nikaenda kupimwa malaria: hakuna. Mama akasema nimerogwa, kwa sababu ya kanzu za watu. Siku ya pili nikaamka mzima kama si mie.

Baadaye ndipo nikaelewa. Koki ni shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, na shaba nyekundu haiyeyuki mpaka 1,085. Kwa hiyo ukikoleza moto zinki inapaa, na mie nikaivuta kifuani. Ukiuona moshi mweupe wa namna hiyo, kaa upande upepo unakotoka au ondoka kabisa.

Hata hivyo rumada zilitoka, na zilikuwa nzuri! Rangi ya dhahabu; niliwapitishia watu kibarazani kama mtu aliyepata mtoto. Zilifika msimu wa pili wa kusi. Tumbatu tuko nayo ubavuni, nasukuma kana, ule mpini wa usukani, ikaja mkononi bila uzito. Pini ya chini imekatika, ya juu imechomoka, usukani huo unakwenda zake. Tulirudi kwa kafi, na nilitukanwa njia nzima na shemeji yangu. Nilipokitazama kipande kilichovunjika, ndani hakikuwa njano tena. Kilikuwa rangi ya ufizi, na kucha inakikwangua. Maji ya chumvi yamenyonya zinki yote, imebaki shaba yenye vitundu kama sifongo. Na bolti? Nilitia za chuma cha mabati. Chuma kikikaa na shaba ndani ya maji ya bahari, kinacholiwa ni chuma. Bolti mbili zilikuwa zimebaki kutu tu.

Watu wananiambia, mbona misumari ya shaba kwenye milango ya Mji Mkongwe ipo tangu enzi za masultani? Ipo, ndiyo. Mlango haulali baharini.

Aliyenifungua macho ni mzee wa Kiingereza aliyetia nanga Nungwi na jahazi lake la mbao, la kizamani. Nilikwenda kumtengenezea taa. Bawaba, roda, vishikio vya kamba, vyote vya kijani kilichoiva, na akasema vipo tangu chombo kilipoundwa. "Hii ni shaba ya mizinga," akanieleza: 88 shaba nyekundu, 10 bati, 2 zinki. Hapo nikaikumbuka ile mizinga ya Wareno niliyokuwa nikiipanda utotoni mbele ya Beit al-Ajaib, kabla sehemu ya jengo haijaporomoka Desemba 2020. Miaka yote nimeikalia dawa yangu!

Nikataka kununua rafadha (pangaboi la mashine ya boti) ya zamani niiyeyushe, muuzaji akaapa ni shaba ya manganizi. Mzee akacheka. Jina kubwa, lakini ile nayo karibu nusu yake ni zinki.

Shaba nyekundu mie ninayo: waya za mota zilizoungua, ukizichoma ile rangi ya juu inaondoka. Tatizo lilikuwa bati. Bati lenyewe namaanisha, si la kuezekea. Lile ni chuma kilichopakwa zinki. Hapa ndipo ninapojisifu. Nilikuwa nimekaa naunga waya, mkononi nina roli la lehemu isiyo na risasi, nikasoma ubavuni: bati 99.3, shaba 0.7. Bati hilo hapo, miaka yote liko mfukoni mwangu! Roli moja la nusu kilo kwa kilo nne na nusu za shaba, hesabu imekaa. Lakini isiwe ile lehemu ya kawaida, ina risasi, inalegeza.

Safari hii kikombe cha kuyeyushia nilimwomba sonara, pamoja na kidogo cha ule unga wao mweupe wa kusafishia madini yakiyeyuka. Shaba kwanza, ikoroge kwa kijiti kibichi cha mpera, itachemka na kupiga kelele, usiogope. Bati mwisho kabisa, kisha mimina. Sampuli ya mti, ile unayoikandamiza mchangani iache umbo la kumiminia, niliichonga kubwa kidogo, milimita 3 kwa kila 200, kwa sababu shaba ikipoa inanywea. Mchanga uwe na unyevu wa kushikamana tu. Ukilowa, mvuke utakurushia shaba usoni. Nilisubu pia bolti sita, sikutaka tena kusikia habari ya chuma.

Fundi wa Nungwi aliyenisaidia kufunga alizitazama pini akaguna.

"Mwanangu, hizi mbona si sawa? Ya chini imezidi vidole viwili."

"Makusudi, mzee."

Aliyewahi kuning'iniza usukani anajua: umesimama ndani ya maji, wimbi linakupiga, pini mbili unataka ziingie matundu mawili kwa pamoja, na usukani wa mti unataka kuelea. Ya chini ikiwa ndefu unaiingiza hiyo peke yake, ikishashika unatafuta ya juu kwa raha. Tuliungoja bamvua, maji yalipopwa mashua ikakaa mchangani, kazi tukaimaliza kabla hayajarudi. Juu ya pete nikagongomea kigingi cha mti usukani usipande ukachomoka. Mzee hakusema kitu, lakini wiki ya pili nilimkuta anachonga sampuli, pini moja ndefu.

Limebaki la wezi. Shaba kilo nne nyuma ya mashua, na wanunuzi wa chakavu wanapita kila siku na baiskeli. Nilizipaka rangi nyeusi, kisha juu yake nikapiga mabaka ya rangi ya kutu kwa kipande cha sponji. Juzi kijana mmoja alizipapasa, akasikitika, akaniambia: "Mjomba, rumada zako zimekwisha, badilisha kabla ya kaskazi." Nikamshukuru sana.